Ngozi ya Mzee Guyo

Hewani, Januari 1956

Mpendwa Baba,

Baiskeli yako inatembea tena, lakini hapa nyumbani hakuna anayeikubali, nami nimechoka kuitetea.

Unakumbuka fremu ilivyopasuka tukitoka Tarasaa, mimi nimekaa nyuma na mkungu wa ndizi? Rafiki yako Muorma, Mzee Guyo, alitukuta pale pale akichunga. Akauzungushia ufa ukanda wa ngozi mbichi, akasema, "Jua ikikausha hii, chuma inashindwa." Ukaiendesha hivyo mpaka tulipokuzika.

Mimi ngozi hiyo niliikata kwa kisu. Fundi wa Malindi akauchomelea ufa, akatia rimu mpya, giya tatu na taa ya dinamo. Fremu ni ile ile, tandiko ni lile lile, kengele sikuigusa. Kila kilichobadilishwa nimekiandika katika shajara, na kwa hesabu yangu hii ni baiskeli ya zamani iliyopona.

Jumamosi Mzee Guyo alimletea mama maziwa. Akainama, akaipapasa fremu.

"Ngozi yangu iko wapi?"

"Niliitoa, Mzee. Ufa haupo tena."

"Basi hii ya wewe. Ile ya baba yako Komora mimi najua. Hii hata ng'ombe wangu atakimbia."

Akaondoka bila kunywa chai. Mama akanigeukia. "Umesoma mpaka ukaukata udugu wa baba yako?" Ndipo aliponieleza kwamba ngozi ile ilikuwa agano lenu: kiangazi ng'ombe wake wapite kando ya shamba letu kwenda mtoni bila kugusa mahindi, nawe upite malishoni kwao bila kuulizwa. Na kiangazi ndicho hiki.

Mbona hukuniambia, Baba? Wewe mwenyewe ulibadilisha mnyororo, pedali, hata usukani ulipoanguka kivukoni, na hakuna aliyesema si ile. Inaniudhi kwamba kitu pekee kisichotoka kiwandani ndicho kilichoifanya iwe yako.

Kesho nitaikokota mpaka kwenye maboma ya Mzee Guyo, nimwombe aifunge ngozi nyingine. Akikubali, nitamshikia fremu nzima isiyo na ufa, aikaze atakavyo, nami sitamwambia kwamba haihitaji.

Lala salama, Baba.

Mwanao wa pili