Tambara Juu ya Giaboksi

Ijumaa, Kiwangwa

Nitalala na njaa leo, na ni haki yangu.

Lori linalovuta kwa magurudumu yote manne limevujisha oili ya giaboksi wiki nzima. Sili mpya, ule mpira wa kuzuia oili, aliifunga mwenzangu Athumani, kwa hiyo asubuhi fundi mkuu alimfukuza mbele yetu sote. "Mvivu wa Dunda, rudi kwenu ukaanike dagaa!"

Kisha akanigeukia. "Na wewe wa bara, ingia chini."

Niliifuta giaboksi kwa mafuta ya taa, nikainyunyizia unga wa posho yangu ili oili inionyeshe inapotokea. Sili ilikuwa sawa. Kumbe tundu la kupumulia, juu, limezibwa kwa tambara. Giaboksi ikipata moto, oili inasukumwa nje. Fundi mwenyewe aliliziba tulipovuka mto, maji yasiingie, akasahau kulitoa tambara.

Nililichomoa tambara, nikamwonyesha. Akalitia mfukoni.

"Kipande chako cha kazi kimebakiza siku ngapi nikutilie sahihi ulipwe?"

"Kumi na mbili, bwana."

"Basi hukuona kitu."

Athumani alikuwa nje, anafunga mkeka wake. "Kaka, sili yangu ilikuwa na kasoro gani?"

Nikamwambia aliifunga kombo.

Akanitazama nilivyojaa unga, akaniomba radhi kwa posho yangu iliyopotea.