Neno Nililoandika kwenye Kadi ya Mwajuma

Jumatatu, 7 Juni 1999
Nimepima watoto hadi saa sita. Mizani imegoma tena. Mwajuma yuko kwenye baraza ya zahanati, siku ya tisa leo. Analia kwa sauti, anamwita mwanawe Zaina. Mimi ndiye niliyewarudisha, yeye na mtoto mgonjwa. Hakuwa na ada ya kuchangia matibabu. Utaratibu mpya. Mtoto alifia Ndundu, wakingoja pantoni wavuke kwenda Ikwiriri. Wagonjwa wanamsikiliza. Mimi hawanitazami.

Jumatano, 9 Juni
Mwenyekiti wa kijiji kaja. Ijumaa kuna wageni wa wilayani. Anataka Mwajuma aondoke.
"Andika ana kichaa, nesi. Mtaalamu ni wewe."
Nikamwambia yule kafiwa, haumwi. Akasema aliyefiwa hulia kwake, halii kwenye jengo la serikali. Akanikumbusha mwenzangu aliyepunguzwa kazi. Naogopa. Nina hasira pia, sijui niipeleke wapi.

Alhamisi, 10 Juni
Nimeandika kwenye kadi yake. Kichaa. Hatari kwa watu. Nikagonga muhuri.
Mgambo walimfunga mikono kwa khanga yake mwenyewe, wakampakia kwenye lori la mbao, apelekwe hospitali Dar. Mumewe, Selemani, kapanda naye.

Ijumaa, 11 Juni
Wageni wamesifu utulivu wa zahanati. Soda. Picha. Nimebaki kukusanya chupa.

Ijumaa, 23 Julai
Wamerudi. Selemani kaja kuniuliza vidonge vinamezwaje. Nikamweleza. Kisha nikamwambia ukweli: mkeo hakuwa na kichaa, niliandika uongo. Nikadhani atanipiga.
"Najua, dada. Nilimwambia daktari kule, mke wangu ana msiba. Akanionyesha muhuri wako."
Akakunja karatasi ya vidonge, akaondoka.

Jumapili, 25 Julai
Jana nimetuma barua wilayani. Nimeeleza yote, nimetia sahihi. Wakinifukuza, basi.
Leo nimekwenda kwao. Mwajuma alikuwa ukumbini, uso umevimba kwa vidonge, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo. Halii tena. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akamuuliza Selemani mgeni huyu katokea wapi. Selemani akamfuta mate.
"Karibu uji," Mwajuma akaniambia.
Nikakaa mkekani. Nikaunywa wote.