Springi Iliyorukia Chini ya Jiko

Shemeji Loretta,

Huku West Virginia hatujambo, ila mbwa amekonda kwa sababu siku hizi mpishi ni mimi.

Ile bunduki yangu ya kuwindia kulungu, inayojipakia risasi yenyewe, ingali vipande vipande juu ya meza ya jikoni. Naiunga mwenyewe ili inigharimu kidogo. Dada yako Wanda alizoea kunicheka: "Delmar, kwa vipande vyote hivyo si ungeshanunua mbili nzima, mzee wewe!"

Jana nilikuwa natia springi ndogo kuliko punje ya mchele. Kila mtu huku anajua unaitia huku mikono na kipande chenyewe vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, isije ikaruka. Mimi nikajifanya fundi. Ikachomoka, ikagonga taa, ikapotelea chini ya jiko. Nikalala kifudifudi na tochi.

Springi sikuiona. Nikaiona pete ya ndoa ya Wanda, imegandia kwenye mafuta ya bekoni.

Ndiyo, ileile niliyomwambia kaivua makusudi, hadi akafungasha akaja kwako.

Barua hii usimsomee yote, tafadhali. Mwambie tu arudi, na aje na miwani yake. Springi bado naitafuta.

Shemeji yako niliye sakafuni hadi sasa,
Delmar