Gumba la Bwana Tano Nane

Jumapili jioni, hapa mtaani Free Area. Mvua ya mawe imepiga mabati dakika kumi hivi, kisha ikajiendea zake kama mgeni aliyekosea nyumba.

Natangaza rasmi, mbele ya wasomaji wangu wote kumi na mmoja (mmoja ni mke wangu, anayesoma kutafuta makosa), kwamba kidole gumba changu cha mkono wa kushoto kimepona. Kimepona kabisa. Hakuna kovu la kuonyesha wajukuu. Shughuli za kawaida za kidole hicho, ikiwemo kuhesabu misumari dukani, zitaendelea kuanzia kesho.

Msidhani natania. Tangazo hili limeshatolewa leo mchana kwa watu zaidi ya arobaini, na wote wamelipokea kwa maua.

Hao watu ndio nataka kuwasema.

Tangu daktari aniambie nina sukari, mke wangu aliniingiza kwenye kikundi cha simu kinaitwa Utamu Tumeuacha. Ni watu wazima, wengine wana vitukuu. Saa moja asubuhi, kabla ya chai, kila mmoja anajidunga kidole, anapima, anapiga picha ile mashine na kuituma kwa wenzake. Ukituma tano, namba nzuri, unapewa ua jekundu. Ukituma kumi na tano, unapewa ua jekundu vilevile, na "usife moyo shujaa". Sasa ua lina kazi gani? Mtu akiumwa na goti, ua. Akikiri kwamba alikula chapati tatu harusini, ua, na kuna mama mmoja wa Longonot anaandika sala. Nimeona kwa macho yangu chapati ikiombewa.

Admin ni Mama Shiro. Ana kibanda cha chakula huko Mai Mahiu, kando ya barabara, na haandiki, kwa kifupi wala kwa kirefu. Yeye hutuma sauti. Dakika nne. Tatu kati yake ni breki za malori. Halafu kuna Mzee Twalib wa hapa mjini, aliyekuwa fundi cherehani, ambaye Kiswahili chake kimepigwa pasi. Hata "habari za asubuhi" anaiwekea nukta.

Mimi hapo katikati nilijiona kama mtu aliyefungiwa kwenye mkutano wa chama cha akina mama.

Wiki ya tatu nikachoka. Nilikuwa na picha moja nzuri kwenye simu: mashine inasema 5.8, mwanga safi, gumba langu limeishika vizuri. Nikaituma. Maua yakaja kama mazishi ya mheshimiwa. Kesho yake sikujidunga. Nikaituma ileile. Hakuna aliyeuliza. Saa ya mashine yangu haijawahi kurekebishwa tangu itoke dukani, kwa hivyo tarehe haikunisaliti. Kesho kutwa, ileile.

Siku nyingine naigeuza kidogo, siku nyingine naikata pembeni. Mtu ni lazima aheshimu kazi yake.

Wakaanza kuniita Bwana Tano Nane. Halafu, wajinga hawa, wakaanza kuniuliza siri yangu. Nami, nikiwa nimekaa dukani na mandazi mawili na chai ya kutiwa sukari kwa mkono usio na woga, nikawaandikia: "Kabichi mbichi. Bakuli moja kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote." Kwa nini kabichi? Kwa sababu mkokoteni wa kabichi ulikuwa unapita.

Nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama misumari ni ya bure leo.

Sasa, jambo ambalo sikuliona kwenye ile picha ni plasta. Siku mbili kabla ya kuipiga, bati lilinikata kwenye gumba nikafunga plasta. Kidonda kilipona ndani ya wiki. Lakini kwenye kikundi, kila asubuhi saa moja, plasta ilikuwa palepale.

Jumatano Mzee Twalib akaandika: "Ndugu yetu Tano Nane, hii ni wiki ya sita naiona plasta juu ya gumba lako. Kidonda cha mwenye sukari kisichofunga hakifai kufichwa. Tafadhali."

Hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawa wanaangalia picha. Mimi nilidhani wanaangalia namba tu, kama mimi.

Mama Shiro akaleta sauti. Sekunde ishirini. "Tano Nane, bwanangu alianza na kidole ya mguu. Kidogo hivi. Akasema ni kiatu. Saa hii anatembea na magongo. Jumapili tunakuja kuona hiyo kidole, na usituambie haupo."

Sauti hiyo haikuwa na lori hata moja. Alikuwa ametoka kando ya barabara ili aiseme.

Mtu mwenye akili angekiri siku hiyo. Mimi nilienda duka la dawa kununua plasta.

Leo baada ya kanisa mke wangu akanikuta sebuleni nafunga kidole kizima. "Baba Njeri, unafunga nini hapo?"

"Wageni wanakuja."

"Kwani wageni wanakula plasta?"

Wakaingia. Mama Shiro ni mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa amefunga kibanda siku nzima, na amebeba spiriti, pamba na bandeji, kama mtu anayeenda kumzalisha ng'ombe. Mzee Twalib alikuja na kanzu nyeupe na miwani miwili, mmoja wa kuona mbali na mwingine wa gumba langu. Hata hawakungoja chai.

"Lete," Mama Shiro akasema.

Akabandua plasta polepole, akinishika mkono kama yai. Chini yake palikuwa na gumba la mwanamume wa miaka hamsini na minne, lenye madoa ya rangi ya mlango na lisilo na shida yoyote duniani.

"Uwiii! Imefunga! Mzee Twalib, si uone! Imefunga!"

Mama Shiro alikuwa analia. Mzee Twalib akabadilisha miwani, akaangalia, akasema alhamdulillahi, akalipiga picha na kuwatumia wote: "Gumba la ndugu yetu limepona." Ndipo maua yakaanza. Mama wa Longonot akaomba. Mke wangu alisimama mlangoni na sufuria ya chai, ananitazama jinsi anavyotazama mbuzi aliyeingia kwenye shamba la sukumawiki.

Ningebahatika, yangeishia hapo. Lakini Mama Shiro akatoa mashine yake kwenye mkoba. "Tukiwa pamoja tupime pamoja. Si ya asubuhi, lakini haidhuru." Akajidunga wa kwanza: 11.4. Akaionyesha bila aibu. Mzee Twalib: 8.1. Halafu wakanitazama wote wawili, wakingoja ile namba maarufu.

17.3.

Mama Shiro akaitikisa mashine. Akanidunga tena, kidole kingine. 17.3, haikunihurumia hata nukta moja.

"Na ile kabichi?" akauliza.

Nikainama kuokota plasta sakafuni.

"Tano Nane, ile kabichi. Wiki nzima nzima nakula kama sungura. Si ni wewe ulisema?"

"Huyu?" mke wangu akasema kutoka mlangoni. "Huyu kabichi anaitoa kwa sahani na kijiko, anaiweka kando."

Mama Shiro hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alikunja pamba yake vizuri, akairudisha kwenye mkoba, akasema, "Mimi nilikuwa nimefikiria ni mwili yangu imekataa. Nafanya yote na bado niko kumi na moja. Juzi nilikuwa karibu kuwacha dawa, nikaona haina haja."

Mzee Twalib akavua miwani yote miwili.

Walikunywa chai, kwa sababu ni watu wenye adabu. Mlangoni Mama Shiro akaniambia, "Hiyo namba ni yako. Mimi siwezi kuitangaza."

Wakaenda. Mvua ya mawe ikaja, ikaenda.

Bado nasema kile kikundi ni upuzi. Kuiombea chapati ni upuzi. Lakini katika upuzi wote uliotumwa pale kwa wiki sita, wangu ndio uliokaribia kumuua mtu, na ulitumwa na yule aliyejiona ana akili kuwazidi.

Nimewaandikia sasa hivi, kabla sijabadilisha nia. Nanakili hapa kama ilivyo:

"Leo nimepima 17.3. Picha zote za nyuma ni picha moja. Kidonda kilipona zamani, na plasta ya leo niliifunga baada ya kanisa. Kabichi niliitunga. Mama Shiro, mwili wako haujakataa, usiache dawa. Na ile 5.8 haikuwa yangu hata siku ya kwanza. Mke wangu alikuwa anajaribu mashine, mimi nikamshikia. Damu ni yake."

Nikatuma.

Halafu Mama Shiro akaandika. Aliandika, kwa herufi, maneno matatu:

"Hongera Mama Njeri."

Na ua.