Kocha Aliyefutwa Alipiga Simu Wakati wa Mapumziko

Jumatatu. Vumbi limetanda tangu asubuhi na Al Rayyan yote, hapa Qatar, imekuwa rangi ya biskuti. Joto la Mei limeshaingia, ukifungua mlango ni kama umefungua oveni. Leo sina zamu. Chumbani tuko wawili tu: mimi, na Onyango ambaye hulinda jengo la ofisi usiku na sasa anakoroma. Nimekaa kitandani naandika kwa kidole gumba, na moyo wangu haujatulia tangu jana jioni.

Jana niliona jambo kubwa, na nililiona peke yangu.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnaujua ugonjwa wangu. Wenzangu walichagua timu za Uingereza kwa kuhesabu vikombe. Mimi yangu ilinichagua sokoni Gikomba, Nairobi, nikiwa kidato cha pili, mama aliponinunulia jezi ya mtumba yenye mistari na jina la mji ambao hakuna mwalimu aliyeweza kuutamka. Nikaivaa, nikaipenda, nikaanza kuifuatilia. Tangu hapo ni machozi tu. Sitaitaja timu yenyewe kwa sababu mnanicheka vya kutosha.

Msimu huu ulikuwa wa kutisha. Kocha wetu, mzaliwa wa mji uleule, ndiye aliyetuinua kutoka daraja la chini hadi ligi kuu, na mashabiki walimtungia nyimbo. Kisha ikaja Agosti, tukafungwa. Septemba, tukafungwa. Majani ya kule kwao yalipomaliza kudondoka sisi tulikuwa mkiani, na walewale waliomwimbia wakaanza kumzomea. Januari akatupiwa virago. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwao, akaonyeshwa mlango.

Nafasi yake akapewa kijana mmoja nadhifu, koti refu, nywele zimelala vizuri, anazungumza kuhusu nafasi na takwimu mpaka unahisi umerudi darasani. Sikumtaka. Lakini polepole tukaanza kuokota pointi, moja huku, moja kule, kama kuku wa mjane. Siku ya mwisho ya ligi ikatukuta tunahitaji sare tu ili tusishuke daraja.

Ijumaa iliyopita, ambayo huku ndiyo siku yetu ya kanisa, kule Mesaimeer kwenye ibada, mchungaji alipouliza nani ana hitaji la maombi, Onyango alisimama. Nikadhani ataombea mama yake. Akasema, "Naomba tumkumbuke Ndugu Festo, timu yake inashuka na hali yake kule chumbani si nzuri." Kanisa zima likacheka. Mchungaji akasema Mungu hana timu, kisha akaomba hata hivyo, na nikaitikia amina kwa nguvu kuliko mtu yeyote.

Lakini hali yangu kule chumbani haikuwa ya mpira tu. Hilo Onyango hakulijua.

Ninahudumu katika sebule ya kahawa ya hoteli moja pale Al Sadd. Kahawa yetu ni ile ya Kiarabu, ya iliki, tunaimimina kwa dele, birika lenye mdomo uliopinda, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Kiongozi wetu wa zamu, Mfilipino mmoja mpole, alirudi kwao, na tangu wakati huo nimekuwa nikiishikilia nafasi yake. Niliamini ni yangu. Jumatano meneja akatuita, akatangaza kwamba kiongozi mpya ni Prossy, dada kutoka Mbale, Uganda, aliyekuwa akisimamia mgahawa wa kahawa ndani ya jumba moja la maduka. Ana cheti. Ana kasi. Ana miaka michache kuliko mimi. Nikapiga makofi pamoja na wenzangu, na mikono yangu ilikuwa baridi.

Alhamisi alinifuata stoo. Alinieleza kwamba zamu yake ya kwanza ni Jumanne, na kwamba amesikia Jumanne kuna meza muhimu. Ni kweli. Kila Jumanne huja mzee mmoja wa Kiqatari na rafiki zake. Kesho hatakuja na rafiki. Anawaleta wazazi wa msichana ambaye mwanawe anataka kumwoa, na kahawa hiyo ndiyo mwanzo wa mazungumzo yote.

"Kaka Festo, kuna kitu natakiwa kujua juu ya hao wageni?" aliniuliza.

"Hakuna," nikasema. "Ni kahawa tu. Wewe jaza vikombe."

Kwa msomaji wa nyumbani hilo halina ubaya. Kwetu Busia, na kwao Mbale ng'ambo ya pili ya mpaka, kumpa mgeni kikombe nusu ni uchoyo. Mgeni anajaziwa mpaka chai iguse ukingo, ndipo ajue amekaribishwa. Hapa ni kinyume kabisa. Hapa unamimina kidogo, chini ya nusu, na unarudi tena na tena, mpaka mgeni mwenyewe akitikise kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Ukimjazia hadi juu umemwambia: kunywa, inuka, nenda zako.

Mimi nilifundishwa hilo wiki yangu ya kwanza. Huko alikotoka Prossy wanauza kahawa ya maziwa kwenye bilauri za karatasi, hakuwa na wa kumfundisha. Na mimi nilitaka awajazie. Nilitaka awajazie wakwe watarajiwa mbele ya mzee yule, vikombe vyote, hadi juu, ili meneja aone amemchagua nani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nililala vizuri siku ile.

Sasa jana.

Jumamosi alikuwa ameingia hotelini mzungu mmoja wa makamo na mkewe, wako njiani kuelekea mapumziko huko Mashariki. Nilipomwona anavuka ukumbi na begi lake la mgongoni, nilimtambua papo hapo. Alikuwa yeye. Kocha wetu aliyefutwa. Sheria ya hoteli ni kwamba mgeni mashuhuri humtambui mpaka ajitambulishe, wala huombi picha. Nikainamisha kichwa, nikasema karibu.

Jana saa kumi na mbili jioni, mechi ilipokuwa karibu kuanza, alishuka peke yake sebuleni. Akaniuliza kwa upole kama naweza kuweka mpira kwenye televisheni, na akataja mechi anayoitaka. Nikaiweka. Nikamletea tende na kahawa. Muda mfupi baadaye adhana ya Magharibi ikasikika, wageni wengine wakainuka kwenda kuswali, tukabaki mimi na yeye na timu yetu.

Niliamini amekuja kuwaona wakianguka. Nani angemlaumu? Ningekuwa mimi ningeagiza na keki.

Wakatufunga mapema. Nikamtazama yeye badala ya televisheni, nikitafuta tabasamu. Hakuwa na tabasamu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, viganja vimebana magoti, anasema na wachezaji kwa sauti ya chini. "Rudi, mwanangu. Rudi. Mwache huyo." Anawaita kwa majina ya nyumbani, majina ambayo hata sisi mashabiki hatuyajui. Kila nilipomimina alikunywa bila kuangalia, nikamimina tena, akanywa tena. Hakujua habari ya kutikisa kikombe, na mimi kwa kuchanganyikiwa sikumwambia. Lazima maskini hakulala usiku kucha.

Mapumziko yakafika tukiwa nyuma. Kwa matokeo hayo tulikuwa tunashuka. Akatoa simu mfukoni, akaitazama kwa muda, akaiweka mezani. Akaichukua tena. Akapiga.

Nilikuwa nyuma yake na dele mkononi. Sikukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana mlango. Alimwita mtu aliyepokea kwa jina la utani, na jina hilo nalijua: ni la kocha wa makipa, mzee aliyebaki benchi alipokuja kocha mpya.

"Kipa wao hatoki kwenye kona," alisema. "Anaogopa msongamano. Yule beki mrefu mtoe katikati, mweke mlingoti wa mbali, mpira upigwe juu ya wote." Akasikiliza kidogo. "Mwambie kocha wako sasa hivi, kabla hawajatoka. Hapana. Usimwambie limetoka kwangu. Sema umeliona wewe."

Akakata simu, akaniona. Akaniomba maji.

Sijui niliyaleta vipi hayo maji. Kichwani kwangu kulikuwa na kitu kimoja tu: huyu mtu walimfukuza. Walimzomea katika mji aliozaliwa. Kijana wa koti refu amekaa kwenye kiti chake. Na yeye amekaa hotelini Doha, na hakuna mtu duniani angemdai neno, lakini ameshindwa kunyamaza na kitu ambacho kingewasaidia.

Kipindi cha pili kilikuwa mateso. Dakika zikaenda. Kisha tukapata kona, na nikaona kwa macho yangu yule beki mrefu akitoka taratibu katikati ya kundi, akatembea hadi mlingoti wa mbali kama mtu aliyesahau kitu huko. Mpira ukapanda. Ukawapita wote. Kipa wao akabaki kwenye mstari wake, na beki wetu akauweka wavuni kwa kichwa.

Nilipiga kelele. Sheria za hoteli zilinitoka zote, nikapiga kelele na dele mkononi.

Yeye hakupiga. Alijifunika uso kwa mikono miwili na mabega yake yakatikisika, kwa kulia au kwa kucheka, sijui. Televisheni ikamwonyesha kocha mpya akikumbatiwa na benchi zima, koti limemteleza begani. Na huyu kocha wangu akaondoa mikono usoni, macho mekundu, akaanza kumpigia makofi. Polepole, hakuna anayemwona ila mhudumu wa kahawa.

Mungu wangu.

Sare ikabaki hadi filimbi. Mkewe akashuka, akamkuta amesimama katikati ya sebule. "Wamepona," alimwambia, na yule mama akamshika shavu. Walipokuwa wanaondoka alinigeukia.

"Ni timu yako?"

"Tangu utotoni," nikasema.

"Pole," akasema, akanipa mkono. Nilitaka kumwambia nimesikia. Sikumwambia.

Asubuhi Onyango aliporudi kutoka kazini aliniamsha kwa kunivuta mguu. "Buda, mmeokolewa na kona moja! Huyo kocha wenu mpya ni moto, manze!" Kwenye simu ni hivyohivyo, kila mchambuzi anaueleza ujanja wa kocha kijana, na sanamu yake imekaribia kuchongwa. Nikamwambia Onyango ni kweli, ni moto. Akalala. Mimi nikabaki naangalia dari.

Nilichofikiria kwanza ni kumtumia Prossy ujumbe kuhusu vikombe kupitia kwa mhudumu mwingine, jina langu lisitajwe, nami niwe mkubwa kama yule kocha. Nilipendezwa sana na wazo hilo, mpaka nikaona uongo wake. Kocha alificha jina kwa sababu hakuwa na kosa. Mimi ningelificha kwa sababu ninalo. Hata wema naweza kuutafutia kona ya kujificha, ndivyo nilivyo.

Basi nikavaa, nikaenda Al Sadd kwenye vumbi hili, siku yangu ya mapumziko. Nimerudi sasa hivi.

Nilimkuta Prossy anapanga vikombe. Nikamwonyesha: dele mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, anza na mgeni mkubwa, mimina kidogo, rudi, subiri atikise. Alijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi, na hilo nalo liliniuma kidogo. Kisha nikamweleza maana ya kikombe kilichojaa. Akaacha kumimina. Nikaona anapiga hesabu ya Alhamisi kule stoo.

"Kaka Festo, mbona uliniambia nijaze?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni. "Nilitaka uharibu," nikasema.

Alifuta kikombe kimoja ambacho tayari kilikuwa safi. Nilidhani atamwita meneja, na nilikuwa nimeshajiandaa kwa hilo, au nilijidanganya kwamba nimejiandaa.

"Kesho," akasema hatimaye, bila kuniangalia, "usisimame mbali na mimi."

Sijui kama huo ni msamaha. Sikuuliza. Ninachojua ni kwamba kesho jioni nitavaa sare, nitasimama nyuma ya bega lake, na kama wakwe wa mzee wataisifu kahawa, watamsifu yeye, na mimi nitaangalia mbele kama sijui lolote. Ee Mungu, nisaidie hapo. Mimi na kunyamaza hatujawahi kuelewana.