Skrini Mpya na Mapacha wa Dani

Alhamisi jioni, Uriri

Sitaki hata kuiona hiyo skrini tena. Bosi aliileta jana kutoka Homa Bay, na leo imenimalizia siku pale saiba, dukani kwetu kwa intaneti. Maandishi yalikuwa manene hadi kitufe cha kutuma fomu kikapotelea chini. Nikaandika amri ya xrandr ya kubadilisha ukubwa wa picha, 1920x1080, ikakubali. Nikawasha kompyuta upya, ikasahau. Mara tano!

Mwishowe ikashika, lakini herufi zikawa ndogo kama omena, dagaa wa ziwani. Mimi nilifurahi tu kwamba kitufe kinaonekana.

Dani mmoja alikuwa akingoja kwa benchi, nyanya wa mapacha, anataka vyeti vyao vya kuzaliwa. Nikajaza fomu haraka, nikamgeuzia skrini.

"Dani, angalia kama iko sawa."

Akainama, akaangalia sana. "Iko sawa, nyathina, mwanangu." Nikatuma.

Nilipomprintia nakala, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akarudi akinionyesha majina ya mapacha. Nilikuwa nimemweka Odongo kama wa kwanza kuzaliwa. Mimi, Mjaluo mzima! Hata mtoto anajua kwa mapacha Opiyo ndiye hutangulia, Odongo hufuata. Sasa kurekebisha ni mpaka aende Migori, na magoti yake yale mabovu.

"Dani, mbona hukusema huoni?"

"Nimekuona ukihangaika na hiyo kitu tangu nikae hapa. Ningekwambia aje uanze tena?"

Amri ya kukuza herufi ni mstari mmoja tu. Niliiandika akiwa ameshaenda.