Mjane Mwenye Mume

Karatu, 9 Februari 1975

Kwako mwanangu Inosenti,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, na mimi mzima kuliko vijana wa hapa. Jana nilipasua kuni mzigo mzima, wao wamekaa wananitazama.

Mvua haikuja. Serikali imeleta mahindi ya njano, ya msaada. Balozi wetu wa nyumba kumi, Damiano, alipokuja kuandika majina, nilimwambia mbele ya watu, "Mimi Tluway nimelima mahindi meupe miaka arobaini. Sili chakula cha kuku!" Watu wakacheka, nami nikafurahi. Kumbe mama yako alimfuata njiani. Damiano mwenyewe amenisimulia.

"Mama, nikuandike vipi, na mwenye nyumba amekataa?"

"Niandike mjane."

Basi kwenye daftari mimi ni marehemu. Fungu ni la mtu mmoja, makopo sita kwa wiki, na marehemu anakula! Ugali wenyewe mtamu, ila usimwambie nimesema. Tunaula na majani ya maboga. Mama yako husema ameshiba kabla sijamaliza tonge la tatu. Nilidhani ni tumbo linamsumbua. Juzi nilimwona akijifunga kanga. Zamani ilimtosha kwa shida, sasa inamzunguka mara mbili.

Kesho wanagawa tena. Nitavaa lile koti uliloniletea, nisimame mstarini na hao hao waliocheka, nimwambie Damiano kwa sauti, "Futa mjane. Andika wawili."

Ni mimi baba yako, niliye hai,

Tluway